Saa Zisizoandikwa Ratibani

Naanza kwa jina lake, aliye Mola Karima,
Kazi na saa ni zake, na moyo wenye huruma,
Awape mume na mke, pendo lisilo hasama,
Nami nisimuliapo, nisipotoshe kalima.

Baada ya kumtaja anayestahiki kutajwa kwanza, na kumsalia Mtume wake mwaminifu, nawapanga watu wa kisa hiki safu kwa safu, msomaji asije akamkanyaga mtu vidole kwa kutomjua.

Wa kwanza ni mwoka mikate, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi hata jina alilopewa na wazazi likachakaa kwa kutotumika. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpana wa mabega, mpole wa macho. Alirithi tanuri la marehemu baba yake, na pamoja na tanuri akarithi saa zake: kuamka saa nane za usiku dunia ikiwa imelala fofofo, kukanda, kuusubiri unga uumuke, kuoka, na kuivua aproni saa nne asubuhi, wakati wenzake maofisini ndio kwanza wanapiga miayo. Akishaswali Isha hulala, na hapo hata ngoma haimwamshi.

Wa pili ni Mwalimu. Alifika katika mji ule miaka miwili nyuma, akitoka kwao mbali, kufundisha Kiingereza katika shule ya lugha iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Naomba msomaji asiipite kazi hii mbio mbio. Mwalimu wa lugha ugenini hawafundishi watu wanapokuwa na nguvu, huwafundisha wanapokuwa na nafasi. Na mtu mzima nafasi yake ni kabla ya kazi au baada ya kazi. Ndiyo maana siku ya Mwalimu ilikatwa vipande kama kitambaa cha fundi cherehani. Saa moja hadi saa tatu asubuhi alikuwa katika ofisi za bima, akiwafundisha makarani kabla hawajafungua milango kwa wateja. Saa kumi alasiri walimjia watoto, viatu vingali na vumbi la uwanja wa mpira. Na saa moja hadi saa tatu za usiku waliingia wafagiaji wa hospitali, madereva, wauguzi na mafundi bomba, macho mekundu kwa uchovu, madaftari yamekunjwa mifukoni. Jumamosi, siku ambayo watu hulala mpaka jua liwafukuze kitandani, yeye alisimama ubaoni tangu saa tatu mpaka saa saba. Mapumziko yake yalikuwa Jumapili na Jumatatu. Na kati ya asubuhi na alasiri karatasi ya ratiba ilibaki nyeupe. Walimu wenyewe waliziita saa zile mapengo, na kwa hakika ratiba ile ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.

Wa tatu ni Mama, mzazi wa Fundi, mjane mnyamavu aliyekaa nyuma ya meza ya duka la mikate kwa miaka thelathini na zaidi. Wa nne ni Shangazi, dada wa marehemu, mtu wa kheri nyingi na maneno mengi zaidi. Viungo vyake vyote vilikuwa vimeanza kuchoka isipokuwa ulimi.

Jinsi Fundi na Mwalimu walivyopendana haina kishindo. Mwalimu alikuwa akipita saa kumi na mbili u nusu kila asubuhi ya kazi, mkoba wa madaftari begani, akinunua mkate mdogo wa kula njiani, huku midomo yake ikitembea bila sauti. Siku ya kumi Fundi alimuuliza kama anasoma dua. "Napitia somo," alijibu. "Nikisimama mbele yao nataka niwe nimeshakosea mara tatu peke yangu." Fundi hakuwahi kusikia mtu akiisemea kazi yake kwa heshima namna ile tangu babake afariki. Toka hapo mkate mdogo ukawa unawekwa kando, ukifunikwa kitambaa safi usipoe. Jumapili Mwalimu asipopita, mikate ya kwanza iliungua, na wateja wakajua kuna jambo.

Likafika jambo lenyewe. Baba mdogo wa Mwalimu, aliyemlea tangu utotoni na ndiye msemaji wake, alituma neno kwamba posa ataipokea kwa simu, maadamu masafa ni marefu, lakini kwa sharti moja: azungumze na mzazi wa mwanamume, si na mwanamume. Akaweka siku, Jumatano, kabla ya saa tisa mchana. Simu isipolia, atahesabu posa imelala. Nayo kesho yake, Alhamisi, Mwalimu alitakiwa kutia sahihi mkataba wa mwaka mwingine pale shuleni, au kufunga mizigo arejee kwao. Posa ikilala, alikuwa ameshaamua kwamba hatauweza mwaka mzima wa kupita mbele ya duka lile.

Na Mama alikuwa amekataa kupiga simu.

Jumatano hiyo, saa tano asubuhi, Fundi alikuwa chumba cha nyuma akifuta sinia za chuma. Tanuri lilikuwa linapoa taratibu. Meza ndefu ya kukandia ilikuwa imepanguswa, ingali na weupe wa unga kwenye mianya ya mbao. Pazia lilitenga chumba kile na duka, ambako Mama alikuwa kwenye kiti chake na Shangazi kwenye kigoda chake. Fundi aliijua hatua ya Mwalimu kabla hajalifunua pazia. Lakini leo hatua haikuwa na wepesi wake.

Mwalimu aliingia, akatoa salamu, akaweka mezani kijikaratasi.

"Kisome," alisema.

Kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko wa mpokezi wa shule: *Jumanne, saa sita. Fundi wa mikate amepiga. Anauliza kama una kipindi sasa hivi. Nimemjibu huna.*

Fundi alikisoma mara mbili, kama kwamba mara ya pili maneno yangemhurumia.

"Jana nilikwambia nitakuwa kazini kutwa," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia darasani watu wakipiga kelele. "Saa sita ukapiga shule. Ulikuwa unanitafuta, Fundi, au ulikuwa unanipima?"

Angeweza kusema alikuwa anamtafuta. Neno lilimfika ulimini. Akamtazama yule mwanamke, akaona doa la wino mwekundu kwenye kidole chake cha shahada, doa ambalo halikuwahi kutoka tangu amjue, na uongo ukamshinda.

"Nilikuwa nakupima."

Jibu lile lilimchoma Mwalimu kuliko uongo wowote, lakini ndilo lililomzuia asigeuke aende zake. Mtu akikukosea kisha akasimama palepale alipokosea, walau unajua pa kumkuta.

"Nani kakutia shaka?"

Fundi alivuta mtoto wa meza, akatoa mfuko wa karatasi wa kutilia mikate, umechanwa na kukunjuliwa. Ndani yake, kwa kalamu ya risasi, ilinakiliwa ratiba nzima ya Mwalimu, kiboksi kwa kiboksi, na chini yake hesabu: *Jumla saa 24.*

Upande wa pili wa pazia kigoda kilipiga kelele.

"Huu mwandiko wa nani?" aliuliza Mwalimu.

"Wangu," alijibu Shangazi, akalifunua pazia na kuingia bila kukaribishwa. "Sina haja ya kujificha, mimi si panya. Ratiba imebandikwa mlangoni, nikaisoma, nikainakili. Kusoma si wizi."

"Si wizi, Shangazi. Karibu ukae," alisema Mwalimu.

"Nitasimama. Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe, uso wako naupenda. Lakini hesabu ni hesabu. Saa ishirini na nne ni siku moja. Wiki nzima ina siku saba, wewe unafanya kazi siku moja. Na mtu akija kukuuliza, asubuhi hupo, mchana hupo, jioni hupo. Hizo siku sita nyingine unazipeleka wapi?"

"Shangazi," alisema Fundi.

"Wewe nyamaza, umeshapiga simu na hukusema kitu cha maana. Nilikwambia uende mwenyewe."

Mwalimu hakukasirika. Aliutazama ule mfuko wa mkate kwa makini, kama anavyolitazama daftari la mwanafunzi aliyejitahidi sana kufika kwenye kosa. Kisha akamgeukia Fundi.

"Mkate mkubwa unakaa ndani ya tanuri dakika ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Basi kazi yako ni ya dakika thelathini na tano. Kwa nini unaamka saa nane za usiku?"

Fundi alimwona moyoni baba yake akipekecha hamira, akauona unga ulivyofunikwa ukisubiriwa kama mgonjwa, akaiona mikono yake mwenyewe hadi viwiko. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuyaona hayo. Mteja huona mkate.

"Hizi ni saa za tanuri," alisema Mwalimu, akigusa viboksi. "Ndizo zinazoandikwa, kwa sababu ndizo wanafunzi wanazoziona. Saa moja ya kusimama ina saa nzima ya kukanda nyuma yake. Kutoka ofisi za bima hadi shuleni ni mabasi mawili. Madaftari nasahihisha mimi. Mwenzangu akiugua, darasa lake naingia mimi. Jumanne kuna kikao, Alhamisi kuna kuwapima wanafunzi wapya kuona nani akae darasa gani. Nikipata robo saa, nalaza kichwa juu ya madaftari chumba cha walimu. Hicho ndicho kitanda changu cha mchana, na mashahidi ninao."

"Maneno mazuri," alisema Shangazi, ingawa sauti ilikuwa imeshuka ngazi moja. "Lakini maneno hayaonekani kwenye karatasi."

"Shangazi, hii ratiba uliinakili kweli ukiwa umesimama mlangoni?" aliuliza Mwalimu. "Naona umeandika mpaka namba za vyumba, na hizo zimo ndani."

Shangazi alizitazama zile namba.

"Aa, niliingia kidogo. Waliniuliza nafanya nini pale, nikasema nataka kujifunza."

"Wakakupokea?"

"Wakaniketisha. Mwalimu mmoja mrefu, mpole, akanipima. Akanionyesha picha ya ng'ombe, picha ya dirisha. Akaniandikia darasa la wanaoanza." Alijiweka sawa mtandio. "Alisema nina sikio zuri."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Ilikuwa Alhamisi, saa sita hivi na..." Shangazi akakoma. Aliinama taratibu, akalitazama boksi la Alhamisi saa sita katika mwandiko wake mwenyewe. Lilikuwa jeupe, ratiba za walimu wote pale hufanana kwa mapengo.

"Yule mrefu naye hana kipindi saa sita," alisema Mwalimu kwa upole. "Alipokuwa anakupima, alikuwa kazini au alikuwa kwa mtu?"

Kutoka dukani kulisikika sauti ambayo Fundi hakuwa ameisikia kwa miezi mingi. Mama alikuwa anacheka, kicheko kifupi cha puani. Shangazi aliketi, sasa bila kukaribishwa tena, juu ya gunia la unga.

"Basi," alisema. "Nimeshiba. Wifi, njoo useme wewe, mimi nimeshapewa darasa la wanaoanza."

Mama aliingia akijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Alikuwa mdogo wa umbo, na alipoongea watu walisogea karibu, maana hakupaza sauti.

"Wifi yangu alikosea hesabu," alisema. "Mimi sikukosea, kwa sababu sikuhesabu. Binti, sijawahi kusema wewe ni mwongo. Kazi yako ninaiona. Hupita hapa alfajiri na mkoba uliokuzidi uzito, na hujawahi kuchelewa hata siku ya mvua. Mwanangu hakukosea kukupenda. Mimi nilichosema ni kwamba hutakuwepo."

"Mama," Fundi alianza.

"Niache nimalize, nimekaa nalo siku nyingi. Niliolewa na mwoka mikate. Nilipoamka, yeye alishaondoka. Nilipolala, yeye alishalala. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini mimi nilikuwa mke wa mto: kila alfajiri napapasa, nakuta mto umepoa na mtu hayupo. Chakula cha usiku nilikula na ukuta. Sasa huyu ni mwoka mikate, na wewe siku yako inaishia saa tatu za usiku. Wawili hamtakutana hata mlangoni. Nitamtakiaje mtoto wa watu upweke ninaoujua rangi yake?"

Hapo hapakuwa na mtu wa kucheka. Fundi alidhani mama yake amekataa kwa sababu ya maneno ya watu. Kumbe alikataa kwa huruma, na huruma ni ukuta mgumu kuvunja kuliko chuki.

Mwalimu alivuta kigoda, akamkalisha Mama, yeye akachutama mbele yake kama binti.

"Mama, sitaiacha kazi yangu. Bora niseme mapema. Wale watu wa usiku wananisubiri, na mimi nawapenda."

"Sikukuomba uiache."

"Najua. Naomba tu uangalie na mimi." Alichukua ule mfuko wa mkate, akamwomba Fundi kalamu. "Fundi anamaliza saa nne asubuhi. Mimi namaliza ya asubuhi saa tatu, na kurudi tena ni saa kumi. Jumanne na Alhamisi zina wenyewe, sitakudanganya. Lakini Jumatano na Ijumaa, madaftari si lazima yasahihishwe shuleni. Tangu saa nne mpaka saa tisa u nusu." Akaipaka rangi ile nafasi nyeupe kwa ubavu wa kalamu. "Jumatatu tanuri limefungwa na mimi sina kipindi, siku nzima yetu. Jumapili akitoka hapa ananikuta nyumbani. Wale makarani ninaowafundisha huwaona wake zao jioni, wamechoka, macho kwenye sahani. Sisi tutaonana mchana kweupe."

"Na mchana huo wewe utakuwa na madaftari."

"Nitakuwa nayo. Naye atakuwa anasinzia."

"Sisinzii," alisema Fundi.

"Unakoroma umesimama, mwanangu," alisema Mama. "Baba yako vilevile."

Kwa mara ya kwanza siku ile macho ya Mwalimu yalimwendea Fundi yakakaa. Hayakuwa yamesamehe yote. Yalikuwa yanamwambia kwamba ile simu ya jana ingali mezani, na kwamba siku moja itazungumzwa tena, polepole, na yeye atasikiliza. Fundi aliinamisha kichwa. "Nilipaswa kukuuliza wewe," alisema. "Sitakupima tena nyuma ya mgongo wako."

"Ukitaka kunipima, njoo ukae darasani."

"Nitawekwa darasa moja na Shangazi."

"Hufikii," alisema Shangazi kutoka guniani. "Una sikio gani wewe?"

Ikawa saa sita na nusu, simu haijapigwa, na hakuna aliyeitaja. Mwalimu alifungua mkoba wake juu ya meza ya kukandia. Palikuwa na madaftari thelathini na moja ya darasa la usiku, nayo yalitakiwa jioni ileile. Mama hakurudi dukani. Alibaki kigodani, akiangalia.

Alikuwa hajui Kiingereza hata neno, lakini kazi aliijua kwa sura. Aliona jinsi Mwalimu asivyopiga mistari ovyo. Husoma ukurasa mpaka mwisho kwanza, hutulia, kisha hurudi mwanzo na ile kalamu nyekundu, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwingine. Kwenye daftari moja lililolowa maji na kukauka likawa limevimba, Mwalimu aliandika mistari mitatu kamili chini ya ukurasa.

"Huyu kafanya nini hata umwandikie barua?" aliuliza Mama.

"Ni mfagiaji wa hospitali. Hutoka zamu saa kumi na mbili jioni akaja moja kwa moja. Ameandika ombi la kazi ya mapokezi, palepale anapofagia."

"Ameandika vizuri?"

"Ana makosa kumi na moja. Lakini sentensi yake ya pili ni nzuri kuliko ambavyo ningeiandika mimi, na hilo ndilo nililomwambia. Makosa atayaona mwenyewe. Kwamba ni hodari hawezi kuliona bila mtu kumwandikia."

Mama alilichukua lile daftari lililovimba, akalipapasa jalada kwa kiganja, akalirudisha pale pale. Fundi, aliyekuwa akijifanya anapanga sinia, alisimama na sinia mkononi. Alimtazama Mwalimu akiinama juu ya mbao zile walizokandia yeye na babake, unga umemshika kwenye mkono wa gauni, wino kidoleni, na moyo wake ukajaa kitu ambacho si tamaa peke yake. Ilikuwa heshima. Aliona kwamba angempenda mwanamke huyu hata kama asingempata, na wazo lile likamtisha.

"Usiku ukimaliza," Mama aliuliza, "unafika kwako saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Unakula na nani?"

Mwalimu alimaliza neno aliloliandika kabla hajainua macho. "Na hawa," alisema, akigusa rundo la madaftari. Alitaka kutabasamu, lakini tabasamu lilikataa kumfuata. "Miaka miwili sasa, Mama."

Wanawake wale wawili walitazamana juu ya meza nyeupe. Shangazi, kwa mara ya pili siku hiyo, hakusema kitu, na jambo hilo peke yake lingestahili kuandikwa katika tarehe ya ukoo.

Saa nane na dakika arubaini Mama aliinuka. Alinawa mikono bombani, akavaa mtandio wake wa kutokea nje, ingawa hakuwa anatoka, kisha akaunyosha mkono kwa mwanawe.

"Nipe simu. Na namba."

Fundi aliibonyeza mwenyewe. Upande wa pili ililia mara moja tu, ikapokewa. Mzee yule alikuwa ameikalia.

"Hodi kwenu," alisema Mama.

"Karibu, karibu sana. Nilianza kukata tamaa." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima, ikasikika chumba kizima.

"Ungekata, ungekuwa na haki. Mimi ndiye mama wa mwoka mikate. Nimekuja kumwomba binti yenu, na nimechelewa kwa sababu nilikuwa nimekataa."

Mwalimu alifumba macho. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Ulikataa kwa lipi, dada yangu?" aliuliza mzee, bila hasira.

"Kwa saa zake."

"Ni haki yako. Hata mimi zilinipa shida. Huyu nimemlea mimi, na nimemwona akifundisha tangu yupo huku kwetu. Kazi yake haina asubuhi wala jioni, na hawezi kuifanya nusu nusu, hajui. Ndiyo maana nilitaka kuongea na mzazi. Kijana ataniambia anaiweza, vijana huweza kila kitu. Nakuuliza wewe: nyumba yenu itaiweza?"

Mama hakumtazama mwanawe. Alimtazama Mwalimu.

"Mchana watakuwa wawili, wamepanga wenyewe, nimeiona karatasi. Usiku ndio nilikuwa nauogopa. Binti yenu atarudi saa tatu na nusu, na mume wake atakuwa amelala kama gogo, hilo sikufichi, ni ugonjwa wa waoka mikate. Lakini mimi hayalali macho yangu mapema. Sufuria halitaepuliwa mpaka nimsikie mlangoni. Atakula na mimi. Atanisimulia huyo mfagiaji wa hospitali kama kapata kazi."

Upande wa pili palisikika mtu akisafisha koo.

"Basi nimeipokea posa," alisema baba mdogo. "Mwambieni binti yangu asitie sahihi kwa haraka, asome mkataba mpaka mwisho. Lakini atie."

Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa viganja, na wino na unga vikamwachia alama shavuni. Fundi alitaka kuifuta ile alama. Mkono ulifika nusu ya njia, ukaheshimu kwamba hawajaoana bado, ukarudi.

"Umepakaa," alimwambia.

"Wapi?"

"Usifute. Nenda nayo."

Ikafika saa tisa na nusu. Furaha haikuwa na kiboksi katika ratiba, na watoto wa saa kumi walikuwa wameshaanza kupanda ngazi za shule. Mwalimu alikusanya madaftari yote thelathini na moja, Fundi akamtwika mkoba begani kwa mikono miwili, taratibu, kama anayempa mtoto mchanga. Wakasimama hivyo mlangoni muda wa pumzi tatu.

"Saa tatu na nusu nitakuwa nimelala," alisema Fundi.

"Najua."

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa macho."

"Najua, Fundi," alisema Mwalimu, na safari hii tabasamu lilimfuata mpaka nje. Akaenda zake kwa hatua ndefu za mtu anayesubiriwa, hakugeuka nyuma, maana midomo yake ilikuwa imeshaanza kupitia somo.

Ewe Mola usiyelala wala kusinzia, waangalie waliobaki nyuma yake: mwanamume mwenye unga viwikoni, shangazi aliyenyamaza, na mama aliyekwenda jikoni kuchagua sufuria kubwa kuliko la jana. Wape afya ya kungoja na subira isiyo na manung'uniko. Na kila anayebaki nyumbani kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake imemchukua saa ambazo wengine wanapumzika, mpe masikio ya kuisikia hatua ikirudi, na umrudishie mtu wake salama. Amin.